Mali ya Abdulla: Historia Fupi ya R Ndani ya Duara

Nilijifunza kusoma kwa leso za nyanya yangu. Likizo zote za utotoni nilipelekwa kwake Mombasa, na kwa kuwa nyumba haikuwa na vitabu vingi, nilisoma kilichokuwepo: pakiti ya majani chai, kalenda ya duka la dawa, na leso zilizoanikwa uani. Jina la leso, yale maneno makubwa yanayobeba methali au kijembe, niliyaweza mapema. Yaliyonitatiza ni maandishi madogo ya pembeni. Rangi zilibadilika, methali zilibadilika, lakini hayo yalijirudia leso baada ya leso: K.H.E. – MALI YA ABDULLA.

Siku moja nikamfuata jikoni. Alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi.

"Nyanya, Abdulla ni nani?"

"Abdulla yupi?"

"Mwenye leso zako."

Alicheka mpaka kifuu kikamtoka mkononi. Kisha akaniambia, "Leso ni zangu, nimezinunua kwa pesa yangu. Jina ndilo la Abdulla."

Nilidhani ananifanyia mzaha. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, nikiwa nimejitia matatani Nairobi kwa sababu ya herufi moja tu, ndipo nilipogundua kwamba nyanya alikuwa amenipa somo zima la sheria ya alama za biashara kabla hajamaliza kukuna nazi moja.

Matata yenyewe yalianza hivi. Agosti 2017 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, na ghafla kila mtu Nairobi akawa mshonaji wa mifuko ya kitambaa. Mimi na rafiki yangu tukaona hatuwezi kuachwa nyuma. Tulinunua kanvasi, tukamtafuta fundi, tukaamua kwamba ndani ya kila mfuko tutaweka kipande cha leso. Jina tulilipata bila kuhangaika: Mali ya Nyanya. Ndiyo, watu walituuliza kama ni mifuko ya kubebea nyanya za sokoni. Tulizoea.

Lebo tulienda kuchapisha River Road. Kijana wa kompyuta aliandika jina, akalipanga katikati, akatutazama.

"Niweke R ama TM?"

"Tofauti ni gani?"

"R inakaa serious."

Tukasema weka R. Tukachapisha lebo 300, kila moja na ka-duara kake pale juu: MALI YA NYANYA®. Tuliziangalia tukajiona kampuni.

Wiki mbili baadaye mwenye duka mmoja anayewauzia watalii akakubali kuchukua mifuko 120. Tulikuwa hatujawahi kuuza zaidi ya kumi kwa mpigo. Alishika lebo, akaisogeza karibu na miwani, akauliza, "Namba ya usajili ni ngapi?"

Tulimwonyesha cheti chetu tulichokitoa mtandaoni, chenye nembo ya taifa.

"Hiki ni cha jina la biashara," akasema. "Mimi nauliza cha alama. Hii R imetoka wapi?"

Hatukuwa na jibu, maana R ilitoka River Road. Yule mama hakutukemea. Alisema tu kwamba hawezi kuweka dukani kwake kitu kinachosema uongo, na kwamba tukiitoa hiyo R atachukua mzigo wote. Lebo zilikuwa zimeshonewa ndani ya mshono, kwa hivyo kuzibadilisha kungemaanisha kufumua mifuko yote. Tulikaa usiku mbili na kalamu nyeusi za wino mzito tukizipaka R moja moja. Kila lebo ikabaki na doa dogo juu ya jina, kama nzi aliyetua akakataa kuondoka.

Tangu hapo nimekuwa nikitaka kujua hili duara lilitoka wapi, na lilipata wapi uwezo wa kuwanyima watu wazima usingizi.

*

Kuweka alama juu ya mali ni jambo la zamani kuliko duka lolote. Wafugaji wa kaskazini mwa Kenya hadi leo huwachoma ngamia wao alama za ukoo, na mtu anayezijua husoma ubavu wa ngamia kama sisi tunavyosoma namba ya gari. Lakini alama ya ngamia humwambia mwizi, "huyu ana wenyewe." Alama ya biashara huzungumza na mtu mwingine kabisa: mnunuzi. Inamwambia, "kile kilichokufurahisha mara ya mwisho kilitoka kwangu, na hiki pia kimetoka kwangu." Ngamia hubaki na mwenye alama. Leso huondoka, ikawa ya nyanya, na jina likabaki la Abdulla.

Pwani yetu ilijua nguvu ya jina la bidhaa mapema sana. Kuanzia miaka ya 1830, wafanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts, walileta Unguja kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya Marekani. Wateja wa Unguja, wa Mrima na wa bara wakakiita merikani. Kilikuwa kizito, kilidumu, na kwenye njia za misafara kilitumika kama pesa. Viwanda vya Uingereza vilijaribu kukiiga ili vipate soko hilo, lakini kwa muda mrefu wanunuzi walikataa. Walitaka merikani ya kweli, na walijua kuitofautisha kwa kuipapasa.

Kisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vikakausha pamba. Meli za Salem zikapungua, na baadaye viwanda vya Bombay vikaanza kushona pengo hilo. Kitambaa kikabadilisha kwao, jina likabaki. Hadi leo ukienda dukani ukaomba merikani, utapewa pamba nyeupe isiyopaushwa, na hakuna atakayekuuliza kama unataka ile ya Massachusetts. Neno lililokuwa ahadi ya mahali fulani likawa neno la kamusi. Tutalirudia hili, kwa sababu ndilo jinamizi la kila kampuni inayotumia ®.

Leso zilizaliwa katika soko hilo hilo, nusu ya pili ya karne ya 19. Inasimuliwa kwamba wanawake wa Pwani walinunua vitambaa vya mkononi vilivyochapwa, vile ambavyo Wareno waliviita lenço, wakavishona pamoja kupata nguo moja pana. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari. Zilichapwa mbali: India, Uingereza, Uholanzi, baadaye Japani. Duka hili na lile ya jirani yaliagiza ng'ambo mali iliyofanana, na ua likipendwa leo, kesho jirani ana la kwake.

Ndani ya purukushani hiyo ndimo anamoingia Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla. Inasemekana yeye ndiye aliyeanzisha mtindo wa kuandika methali juu ya leso mwanzoni mwa karne ya 20. Pamoja na methali akaweka herufi za jina lake na yale maneno matatu yaliyonitoa kwenye kivuli cha mwembe nikamsumbue nyanya. Angeweza kuandika "Imetengenezwa kwa Abdulla" au "Duka la Abdulla". Aliandika mali ya, maneno ambayo mtu huandika juu ya daftari lake la shule. Ile ya nyanya haina duara wala R. Dai limeandikwa waziwazi kwa Kiswahili, na kila mnunuzi aliyeweza kusoma alilielewa.

*

Wakati huo huo, Uingereza, dai la namna hiyo lilikuwa limeanza kuhitaji karatasi. Kabla ya hapo, mtu aliyeibiwa alama alilazimika kwenda mahakamani kuthibitisha kila mara kwamba wateja wanamjua kwa alama hiyo. Ilikuwa kazi ndefu na ya gharama. Bunge likapitisha Sheria ya Usajili wa Alama za Biashara ya 1875, na daftari la usajili likafunguliwa tarehe 1 Januari 1876. Alama namba 1 ilikuwa pembetatu nyekundu ya bia ya Bass, kutoka mji wa Burton. Hadithi maarufu inasema mfanyakazi wa Bass alilala nje ya ofisi usiku wa mwaka mpya ili awe wa kwanza kwenye foleni. Iwe kweli au chumvi, Wakenya tunaojua foleni za ofisi za serikali tutamwelewa.

Miaka sita baadaye, mchoraji Mfaransa Édouard Manet alichora baa ya Folies-Bergère, Paris. Ukiitazama picha hiyo vizuri, kwenye kaunta mbele ya mhudumu zipo chupa zenye pembetatu nyekundu. Hakuandika Bass popote, wala hakuhitaji.

Kilichofanyika 1876 kinaonekana kidogo lakini kilibadilisha maana ya alama. Tangu mwanzo alama ilikuwa mazungumzo ya watu wawili, muuzaji na mnunuzi. Sasa akaingia wa tatu: serikali, akiwa na daftari, namba na tarehe. Serikali ikasema, nimeliona dai hili, nimelipima, nimeliandika. Mfumo huo ulisafiri na ukoloni. Sheria ya Kenya ya Alama za Biashara, Sura ya 506, ilitungwa 1955 kwa kufuata ile ya Waingereza, na hadi leo ndiyo inayotumika, ikiwa na marekebisho. Daftari lenyewe linatunzwa na KIPI, taasisi iliyoanza kazi 2002.

Ila daftari liko ofisini, na bidhaa iko dukani. Mtu wa dukani atajuaje kwamba jina hili limesajiliwa? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa maneno marefu. Chupa na mabango ya zamani ya Coca-Cola, ambayo mwandiko wake ulisajiliwa Marekani 1893, yalikuwa na maandishi madogo yamebanwa ndani ya mkia wa ile C ya kwanza, yakitangaza kwamba hii ni alama ya biashara iliyosajiliwa. Wengine waliandika kifupisho, "Reg. U.S. Pat. Off.", yaani imesajiliwa na ofisi ya hataza ya Marekani. Hebu fikiria kuyatia maneno hayo juu ya kifungo cha shati.

Tarehe 5 Julai 1946 Marekani ikapata sheria mpya, inayoitwa Lanham kwa jina la mbunge wa Texas aliyeisukuma. Kati ya mengi yaliyomo, iliruhusu njia ya mkato: badala ya maneno yote hayo, mwenye alama aweke herufi R ndani ya duara. Ndiyo hiyo ®. Na ikaipa meno. Mwenye alama iliyosajiliwa ambaye haweki tangazo hilo hawezi kudai fidia wala faida aliyoipata mwigaji, isipokuwa athibitishe kwamba mwigaji alijua kuhusu usajili. Kwa hivyo makampuni ya Marekani hayaweki ® kwa urembo. Yanaiweka kwa sababu siku ya mahakama duara hilo lina thamani ya pesa taslimu. Biashara ya Marekani iliposambaa duniani, duara likasambaa nayo, hata katika nchi ambazo sheria zake hazilazimishi mtu kuliweka. Kenya ni moja ya nchi hizo.

*

Sasa turudi kwa kijana wa River Road, maana swali lake lilikuwa zuri kuliko jibu letu.

TM ni dai la mwenye mali peke yake. Ukiandika ™ kando ya jina, unasema, "hili nalitumia kama alama ya biashara yangu, ujue." Huhitaji cheti, huhitaji ruhusa ya mtu, na unaweza kuanza leo jioni. Ni "mali ya Abdulla" kwa herufi mbili. Haikupi haki mpya, lakini inatangaza ile unayoijenga kwa kutumia jina, na katika nchi zenye sheria za asili ya Kiingereza, kama yetu, hata alama isiyosajiliwa inaweza kutetewa mahakamani ukithibitisha kwamba wateja wanakujua kwayo na mwenzako anajipitisha kama wewe. Marekani wana pia ℠ kwa huduma, lakini wengi hata huko hutumia ™ kwa yote.

R ni kauli ya serikali iliyowekwa kinywani mwako. Inaruhusiwa baada ya cheti kutoka, na siyo siku uliyopeleka ombi. Kuiweka kabla ya hapo ni kudanganya kuhusu daftari la umma, na sheria yetu, kama ile ya Uingereza, inalitaja hilo kuwa kosa. Sisi na lebo zetu 300 hatukuwa tunapamba mfuko. Tulikuwa tunaisingizia serikali ya Kenya.

Na hapo linakuja swali ambalo watu wengi hulisahau: R ya wapi? Daftari lina mipaka. Jina lililosajiliwa Nairobi halijasajiliwa Kampala. Halijasajiliwa Dar es Salaam pia, na hata ukilisajili Dar es Salaam bado hujamaliza Tanzania, maana Zanzibar ina ofisi yake na daftari lake. Tangu 1998 Kenya imo katika mfumo wa Madrid, unaokuwezesha kupeleka ombi moja likaelekezwa nchi nyingi, lakini kila nchi bado huamua yenyewe.

Ulaya walilazimika kulipeleka swali hili mahakamani. Kulikuwa na vichujio vya damu vilivyoingia Ujerumani kutoka Italia, jina lake Miropore likiwa na ®. Lilikuwa limesajiliwa Italia, na Ujerumani halikusajiliwa. Mshindani akalalamika kwamba Wajerumani wanadanganywa. Mwaka 1990 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba bidhaa hiyo haiwezi kuzuiwa kwa sababu hiyo, kwa kuwa alama ilisajiliwa kihalali katika nchi nyingine ya jumuiya. Lakini ona: hata mtetezi wa duara hilo alikuwa na jibu. R ya Italia. Sisi tulipoulizwa tulionyesha cheti cha jina la biashara.

Kosa letu hilo la pili ni la kawaida mno hapa mjini. Kusajili jina la biashara ni kuiambia serikali unaitwa nani unapofanya kazi. Hakukupi umiliki wa jina hilo juu ya bidhaa, na hakukuruhusu kuweka ®. Hata hiyo alama ukiisajili, unaisajili kwa aina fulani za bidhaa. Mfumo wa kimataifa una madaraja 45, 34 ya bidhaa na 11 ya huduma. Mifuko kama yetu iko daraja la 18, nguo daraja la 25. Ukisajili jina la mifuko, halafu mwingine akafungua gereji kwa jina hilo, usikimbilie wakili.

Kuhusu namna ya kuiandika, mambo ni machache. Alama hukaa juu kulia kwa jina, ndogo. Inatosha kuiweka mara ya kwanza jina linapotokea, au pale linapoonekana kwa ukubwa. Ukiirudia kila mstari, ukurasa unaonekana una upele. Mwandishi wa habari au hadithi anayetaja bidhaa ya mwingine hana haja ya kumwekea ®, hiyo ni kazi ya mwenyewe. Na © ni ukoo mwingine: inahusu hakimiliki ya maandishi, picha, muziki, programu. Picha yako mpya kwenye bango inaweza kuwa na ©, jina la bidhaa halina. Kuzipata nazo si kazi: kwenye kompyuta nyingi za ofisi ukiandika tm ndani ya mabano inageuka ™ yenyewe. Nadhani ndiyo maana tunazitawanya ovyo.

*

Kuna upande mwingine wa duara ambao mwenye duka hakutueleza. Mtu akishasajili jina, adui wake mkubwa si mwigaji pekee. Ni wewe na mimi, tukilipenda kupita kiasi.

Ingia duka lolote la mtaa usikilize. "Nipatie Omo." "Gani?" "Ile ya Ariel." Kuna nyumba ambazo Colgate ni dawa ya meno yoyote, Pampers ni nepi yoyote, na Panadol ni kidonge chochote cheupe kilicho ndani ya pochi ya mama. Tunaona ni utani. Mwenye jina haoni utani, kwa sababu jina likishakuwa neno la kawaida la kitu chenyewe, mahakama inaweza kumnyang'anya. Aspirin lilikuwa jina la Bayer. Marekani likawa neno la wote kwa uamuzi wa 1921. Ile chupa tunayoita thamosi, isiyokosekana kwenye matanga wala harusi, ilikuwa alama ya kampuni moja hadi mahakama ya Marekani ikaamua, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwamba watu wa kawaida hutumia neno hilo kwa chupa yoyote ya kutunza joto. Aliyeshinda kesi hiyo aliitwa Aladdin.

Hiyo ndiyo safari ya merikani, imefupishwa. Kwa hivyo ile ® ndogo kwenye pakiti inafanya kazi mbili: inamwonya mwigaji, na inamnong'oneza mteja kwamba hili ni jina la mtu, usilifanye la kila kitu.

Maneno husafiri pia kinyume, na hapo ndipo Waswahili hukasirika. Neno linaanza likiwa la wote, kisha mtu mmoja analiwekea duara. Mwaka 2007 habari zilifika Kenya kwamba kampuni moja ya Uingereza imeomba kusajili huko jina Kikoy, kwa nguo. Wafumaji na wauzaji wa hapa wangejikuta hawawezi kuuza kikoi Uingereza kwa jina la kikoi. Shirika la Traidcraft na mawakili waliojitolea waliweka pingamizi, na ombi likaachwa. Hoja ilikuwa nyepesi kwa mtu yeyote aliyewahi kufika Lamu: kikoi ni jina la kitu chenyewe, halimtambulishi muuzaji mmoja. Huwezi kusajili neno chapati kwa chapati.

Hakuna Matata ni kesi tofauti, ingawa mtandaoni zilichanganywa. Disney waliomba 1994, mwaka wa filamu yao ya simba, na 2003 wakapata usajili Marekani kwa nguo. Mwaka 2018 ombi la kupinga likazunguka mtandaoni na kukusanya saini kwa maelfu. Wengi waliamini kwamba sasa ukisema maneno hayo unadaiwa. Sivyo. Kwa fulana za Marekani, hakuna matata haielezi fulana ni nini, kwa hivyo sheria yao iliikubali. Mtalii anaweza kuisema, matatu inaweza kuiandika, nyanya yako anaweza kuiimba. Hata hivyo sitawacheka waliotia saini. Walikuwa wanauliza kitu ambacho sheria haina kisanduku chake: maneno haya yalikuzwa na watu wengi kwa muda mrefu, na fomu ya usajili ina nafasi ya mwombaji mmoja.

Na wakati tunapigania maneno ya filamu, lile tunalolitamka kila siku lilikuwa kwa wenyewe. M-Pesa ilianza hapa Machi 2007. Nusu ya jina ni neno letu, ambalo nalo tulilipata India. Lakini alama yenyewe ilikuwa ya Vodafone, Uingereza, na Safaricom ililipa ada ya leseni kuitumia. Ilikuwa Aprili 2020 ndipo Safaricom na Vodacom walipokamilisha kuinunua. Miaka kumi na tatu tulimtumia mtu M-Pesa, tukamkopa M-Pesa, tukagombana juu ya M-Pesa, na jina lenyewe lilikuwa likiishi Uingereza. Pesa ni yangu, jina ndilo la Vodafone. Nyanya angeelewa mara moja.

*

Baada ya usiku ule wa kalamu nyeusi tulifanya ambacho tungefanya mwanzo. Tulitafuta kwanza kama kuna aliyetutangulia, tukapeleka ombi KIPI kwa daraja la 18, tukangoja. Likipita ukaguzi, ombi huchapishwa kwenye jarida lao na umma hupewa siku 60 kupinga. Muda wote huo lebo zetu mpya zilisema MALI YA NYANYA™, na tulipoulizwa tulikuwa na jibu la kweli: ni dai letu, serikali bado haijasema.

Rafiki yangu alitaka tusajili pia methali tulizokuwa tunachapa kwenye mifuko. Nilimwambia asijaribu. Tulizitoa kwenye leso, na leso zilizitoa kwa wanawake ambao hakuna aliyewaandika majina pembeni. Nyanya alikuwa na moja aliyodai ameitunga mwenyewe, akampelekea muuza leso, na msimu uliofuata akaiona imevaliwa na jirani waliyekuwa wamenuniana naye. Hakulipwa, wala hakudai. Alichonung'unikia hadi kufa kwake ni kwamba jirani alidhani kijembe hicho ni chake. Nilipolikumbuka hilo niliona duara letu lilivyo dogo. Linaweza kushika jina la mfuko. Mdomo wa mwanamke wa Majengo haliwezi.

Cheti kilikuja. Kinadumu miaka kumi, kisha unalipia tena, na ukikaa miaka mitano bila kulitumia jina, mtu anaweza kuomba lifutwe. Rafiki yangu alihamia mji mwingine kabla hatujachapisha lebo hata moja yenye ® halali. Fundi akapata kazi ya sare za shule. Kwa hivyo nina haki ya kuiweka R, na sina mfuko wa kuiwekea.

Nimebaki na mmoja tu wa ule mzigo wa kwanza, wenye doa la nzi. Naenda nao sokoni kila Jumamosi. Mama wa mboga ameshausoma mara nyingi, na bado kila nikifika huushika, huufungua, na bila kuniuliza huanza kutia nyanya.